Koti la Babu Limefika Mikumi

Bweni la Wasichana,
S.L.P. 61,
Kilosa.
Jumapili, 21 Septemba 2025.

Mpendwa Shangazi Verdiana,

Shikamoo Shangazi. Naamini barua hii itakukuta mzima, wewe na Baba Yared, na huyo Yared mwenyewe ambaye Mama anasema sasa anatembea na kuvunja vikombe. Kifua chako kimepona? Mara ya mwisho ulipoongea na Mama ulikuwa unakohoa, na kule nyumbani kila mtu alikupangia dawa yake. Huko Mpanda joto linaendaje? La huku ni lile la kukausha nguo kabla hujamaliza kuzianika.

Mimi sijambo kabisa. Ninakula, ninalala na ninasoma, kwa mpangilio huo huo. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu haziruhusiwi bwenini, na matroni wetu anainusa simu hata ikiwa imezimwa. Usishangae mwandiko. Nimekaa kitanda cha juu, na mwenzangu wa chini anageuka kila dakika.

Kilosa nayo haijambo. Treni ya umeme inapita kila siku, lakini watoto wa kidato cha kwanza bado wanaikimbilia dirishani kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Maharage ya shule yana wadudu kama kawaida, na tumeshayazoea kiasi cha kuyaona matupu yakiwakosa.

Sasa habari yenyewe. Naomba ukae chini kwanza. Nimecheza igizo, mbele ya watu, tena kwa sauti.

Shule kadhaa zilialikwa kwenye shindano la maigizo Mikumi, na mwalimu wetu wa Kiswahili, Mwalimu Deogratias, akasema safari hii hatupeleki ngonjera. Tuliandika igizo wenyewe darasani, tukaliita Msiba wa Mzee Komeo. Ni mzee bahili aliyefungia kila kitu kwa kufuli, hata sufuria. Amekufa, na watoto wake wamenuniana, hawataki kukaa mkeka mmoja. Halafu anakuja mtani wa marehemu, anamtania maiti, anavaa nguo zake, anamwigiza, watu wanacheka, na kicheko hicho ndicho kinachowakalisha pamoja. Abubakari, mtoto wa wakulima wa miwa kule Ruaha, alikuwa marehemu. Rafiki yangu Happiness alikuwa mjane. Na mtani, Shangazi, nilikuwa mimi.

Najua unacheka. Mimi niliyekuwa najificha nyuma ya kanga ya Mama wageni wakibisha hodi. Nafasi ile niliipata kwa kujitakia. Mwalimu aliuliza nani amewahi kumwona mtani akifanya kazi yake msibani, nami nikanyoosha mkono, nikaeleza jinsi Mzee Cleopa alivyofanya siku tuliyomzika Babu Makarius. Nilieleza kwa hasira. Mwalimu hakuisikia hasira, alisikia maelezo tu, akaandika jina langu ubaoni.

Tulifanya mazoezi wiki sita, baada ya vipindi, kwenye bwalo la chakula meza zikiwa zimesukumwa ukutani. Maneno yangu niliyajua yote, sikukosea hata moja. Na hakuna aliyecheka, hata wale waliopangiwa kucheka. Kila nikifika penye utani mkono ulikwenda wenyewe mdomoni kuufunika, sauti ikashuka, macho yakaangalia sakafu. Mwalimu akasema namtania marehemu kama mtu anayesoma matangazo ya kanisani. Siku moja Abubakari, aliyekuwa amelala pale amekufa tangu saa tisa, alifunua shuka akaniambia, "Leti, mimi ndiye niliyekufa, lakini aibu naiona." Bwalo zima likacheka. Kilikuwa ndicho kicheko pekee tulichopata siku ile, na alikipata marehemu.

Siku tuliyofunga kwa likizo fupi Mwalimu aliniita pembeni. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema nikirudi nikiwa bado nimejificha nyuma ya mkono wangu, nafasi atampa Happiness, ambaye maneno yangu alikwishayakariri zamani. Nadhani alikuwa anasubiri tu niugue malaria. Kwa hiyo nilipanda kwenda nyumbani Mamboya nikiwa na wiki moja ya kujirekebisha, na nilikuwa naitaka nafasi ile, Shangazi. Sijawahi kutaka kitu shuleni kama nilivyoitaka ile.

Hapa kuna jambo ambalo hukuambiwa. Linanihusu mimi, na Mama aliamua nitalisema mwenyewe nikipata akili. Nadhani nimepata, walau kidogo.

Siku ya mazishi ya Babu, Machi mwaka jana, wewe ulikuwa hospitali, umejifungua Yared kwa upasuaji siku nne kabla. Hukuyaona. Mzee Cleopa ni mtani wa ukoo wetu, na alifanya yanayofanywa. Alijilaza njiani jeneza lisipite. Akadai Babu asizikwe mpaka arudishe jembe aliloazima mwaka sabini na nne. Kisha akalivaa lile koti la kahawia la Babu, lenye viraka kwenye viwiko, akaanza kutembea kama yeye: mguu wa kulia unaburuta, mikono inapapasa mifuko yote kutafuta miwani iliyo puani. Watu wakaanza kucheka, hata Baba. Mimi nikaona wanamcheka Babu yangu, naye yuko pale pale anawasikia. Nikamrukia Mzee Cleopa, nikamvua koti mbele ya msiba wote, nikamwambia atoke, hana adabu.

Kicheko kilikatika. Mzee Cleopa alikaa pembeni ya mkeka na hakutania tena, na Babu, mtu wa maneno yale yote, alizikwa kimya kama mgeni. Koti nikalifungia kwenye sanduku langu, sikulifungua tena. Tangu siku ile sikumwamkia Mzee Cleopa. Nikimwona anakuja nilikuwa nakata kona kwenye mahindi ya watu. Mwaka mzima na nusu, mzee wa umri ule, bila shikamoo yangu. Mama alisema mpaka akachoka.

Sasa mtu pekee niliyemjua anayeweza kunifundisha kazi ya mtani alikuwa ni huyo huyo. Jumatano ya likizo nilipiga moyo konde, nikalitoa koti sandukuni, nikaenda kwake. Sikujua kwamba Mama alikwishamtumia salamu kwamba nakuja.

Mlangoni nilimkuta mkewe, Bibi Angela, amejifunga kanga kiunoni kama mfiwa. Akaniambia nimechelewa, mzee amefariki asubuhi. Ndani kweli alikuwa amelala mkekani, amefunikwa shuka, pamba puani. Niliamini kabisa, Shangazi. Halafu nikaona kidole gumba cha mguu kinacheza.

Nikapiga goti nikasema shikamoo. Maiti haikuitikia. Bibi Angela akasema marehemu haitikii salamu, anamngoja mtani wake.

Nikaanza maneno ya igizo, polepole, mkono mdomoni. Sijafika mstari wa pili, maiti ikauliza, "Nani ananong'ona hapa? Kama ni panya mfukuzeni."

Hapo nilikasirika, na unanijua nikikasirika mdomo unavyofunguka. Nikalivaa koti. Nikamwambia afadhali amekufa, sasa wafiwa wa Mamboya nao watakula nyama yao, maana kila msiba yeye huuliza kwanza kama chakula kimeiva, ndipo aulize nani amekufa. Nikamwigiza anavyoimba kanisani, mstari mmoja mbele ya kwaya nzima, na anavyowageukia kuwashangaa kwamba wamechelewa. Nikaburuta mguu wa Babu, nikamsuta kwa sauti ya Babu kwamba jembe la mwaka sabini na nne lilirudishwa siku ya tatu, tena limenolewa. Bibi Angela alikaa chini akafuta machozi kwa pindo la kanga. Shuka likaanza kutikisika. Mwisho Mzee Cleopa akafufuka, akatoa pamba puani, akasema, "Marahaba."

Tulicheka mpaka majirani wakaja kuchungulia. Kisha akaacha kucheka. Aliniambia jambo ambalo nalibeba mpaka leo: "Mjukuu wangu, ukianza kumtania maiti usisimame katikati. Ukisimama katikati utani unabaki tusi. Mimi ulinisimamisha. Mwaka na nusu natembea nimemtukana Makarius, na yeye ndiye aliyekuwa rafiki yangu."

Sikuwahi kufikiri hivyo. Nilidhani siku ile niliyeumia ni mimi peke yangu. Nililia, nikamwomba radhi kwa magoti, naye akaniambia nilie huku naendelea kutembea, kwa sababu mguu wa Babu nauburuta vibaya.

Nilipompa koti alilivaa, akajitazama, akalivua akanirudishia. Alisema ni lake, kwa kuwa mtani akishachukua kitu cha marehemu kinakuwa chake mpaka ukoo ukikomboe, ila ananiazima nikalichezee Mikumi. Siku zilizobaki nilikwenda kwake kila asubuhi. Alinifundisha kungoja watu wamalize kucheka kabla ya kuongeza neno. Alinifundisha kujilaza njiani kama mtu aliyekusudia kulala pale mpaka kesho. Alinifunga mkono wa kulia nyuma kwa kamba ya mbuzi ili usipande mdomoni, na Baba alipopita akaniona hivyo aliuliza nimeiba nini.

Niliporudi bwaloni Mwalimu Deogratias alitazama mara moja tu. Happiness ndiye aliyesema. Alisema, "Haya, basi," akaenda kujifunga kanga yake ya ujane. Nampenda kwa hilo.

Jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Tuliondoka Kilosa alfajiri kwa basi la kukodi, tukapitia kijiji cha Ulaya, tukiimba mpaka sauti zikaanza kukwaruza, Mwalimu akatukataza. Mikumi tulisimama kununua maji, na nyani mmoja akapitisha mkono dirishani, akaondoka na mfuko wa unga tuliokusudia kumpaka Happiness mvi. Kwa hiyo mjane wetu alipanda jukwaani akiwa kijana kuliko binti zake.

Ukumbi ulijaa. Kulikuwa na walimu, wazazi, askari wa hifadhi waliotoka zamu, na safu ya mbele kabisa bibi mmoja wa kitenge chekundu ambaye alikuwa anakosoa kila shule kwa sauti. Wenzetu waliotutangulia walikuwa wazuri. Koti la Babu lilikuwa linanuka dawa ya nondo na ugoro.

Niliingia, nikajilaza njiani kama nilivyofundishwa. Kwanza kimya. Nikangoja. Mtu mmoja nyuma akacheka, halafu watatu, halafu nikawasikia wote. Shangazi, sijui nikueleze vipi. Ni kama pale unapopuliza jiko la mkaa kwa muda mrefu, kisha linashika lenyewe.

Nilikuwa katikati ya kumwigiza Mzee Komeo, natembea kwa mguu wa Babu, ndipo yule bibi wa kitenge chekundu aliposimama. Nadhani alisahau kwamba ni igizo, au hakujali. Akanyoosha kidole kwa Abubakari pale chini akasema, "Na mimi aliniahidi kanga huyo. Amekufa nayo?"

Hilo halikuwa kwenye maandishi yetu. Kwa pembeni nilimwona Mwalimu ameshika kichwa. Nikajibu kwa sauti ya Komeo kwamba kanga yake ipo, imefungiwa mfukoni, nikaingiza mkono mfukoni kuitafuta kama Babu alivyokuwa akitafuta miwani. Mfuko ulikuwa umetoboka. Mkono ukapita mpaka ndani ya bitana, ukagusa vitu viwili vidogo vya karatasi. Nikavitoa. Zilikuwa pipi za mnanaa, zile za Babu, alizokuwa akinunua Kilosa kila akija kliniki ya mguu na kutugawia baada ya ibada. Hakuwahi kutugawia zote kumbe.

Ukumbi mzima unaningoja, na mimi namwona Babu yuko mlangoni mwa kanisa anapapasa mifuko. Nilitaka kukimbia. Mkono ulianza kupanda kwenda mdomoni, na nikakumbuka: usisimame katikati.

Nikauburuta ule mguu mpaka safu ya mbele, nikaweka pipi moja kwenye kiganja cha yule bibi, nikamwambia, "Kanga ziliisha, mama. Komeo amekuachia hii, na ameihesabu."

Watu walivunjika mbavu. Bibi aliifungua pale pale akaila, akaketi ameridhika kabisa. Mimi nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja, mdomo wazi, meno yote nje, na hakuna aliyejua kipi ni cha igizo. Hata mimi sikujua. Marehemu alikuwa anatikisika chini ya shuka kiasi kwamba ilibidi Happiness amlalie kifuani kwa kilio ili atulie. Kisha watoto wa Komeo wakaja mkekani mmoja mmoja, wakakaa, na pazia likafungwa.

Tumeshika nafasi ya pili. Mwalimu amefurahi kama tumeshika ya kwanza. Abubakari ananung'unika kwamba majaji wamemsifu kila mtu isipokuwa marehemu, ambaye ndiye aliyefanya kazi ngumu kuliko wote.

Baada ya hapo Mwalimu aliniazima simu nimpigie Mama. Kabla sijamaliza salamu nikasikia simu inanyang'anywa. Mzee Cleopa alikuwa amekaa pale kwetu tangu mchana akisubiri. Aliuliza neno moja tu, kama walicheka. Nikamwambia walicheka wote, mpaka maiti. Nikasikia anapenga kamasi. Akasema, "Basi, Makarius tumemzika."

Halafu akawa Mzee Cleopa tena. Alisema koti likirudi linakaa kwake, na mwenye haki ya kulikomboa ni mtu mmoja, binti wa marehemu, kwa jogoo mwekundu asiye na kilema. Usipokuja Desemba atapanda treni ya Mpanda amelivaa, aje auburute mguu mbele ya wauguzi wenzako wote hapo zahanati. Mimi nimeamriwa nimfuate nyuma nikilia. Na usidhani anatania, au tuseme anatania, lakini atakuja.

Shangazi, Mama aliniambia ulichomwambia Desemba iliyopita tulipokungoja, kwamba huna uso wa kuja Mamboya kwa sababu hukumzika baba yako. Mimi ni mtoto, nilikuwa naogopa kugusa jambo hilo. Lakini msiba ule niliukata mimi, na ulibaki umekatika siku zote hizi. Jana tumemzika, ila kumaliza bado, kwa sababu koti halijakombolewa na wa kulikomboa ni wewe. Wewe uliyedhani umechelewa ndiye unayengojwa. Hukuyakosa mazishi ya baba yako, Shangazi. Njoo uyamalize.

Jogoo yupo, usihangaike. Mdogo wangu Abeli anamfuga, ni mwekundu, ila mkorofi sana, na Abeli anataka uje haraka kabla hajamng'oa jicho mtu.

Nisalimie Baba Yared sana, na mpakate Yared kwa niaba yangu, umwambie ana dada ambaye sasa anacheka bila kufunika mdomo. Baba, Mama na Abeli wanakusalimu. Bibi Angela anakusalimu, na Happiness na Abubakari, ambao hawakujui lakini wanasema wewe ni mhusika katika igizo letu. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akuponye kifua, na akuweke njiani salama siku utakapoianza safari.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye tangu ulipokuwa ukinisuka,

Letisia Makarius.

N.B. Pipi zilikuwa mbili. Ya pili imo humu ndani, nimeifunga kwenye kipande cha daftari. Usimpe Yared. Ni yako, ametuma baba yako.